Mbung'o, Mtego na Bahati: Somo la Hisabati kwa Watu wa Visiwani

Mara nyingi husikika ikisemwa kwamba hisabati ya vyuo vikuu ni starehe ya wataalamu, haijazi maji kisimani wala maziwa katika ndoo ya mfugaji. Sisi hatuafiki kauli hiyo. Kisiwa cha Unguja kina ushahidi wake wa kuikanusha, na ushahidi huo ni mbung'o, yule nzi mnyonya damu ambaye kwa miaka mingi alieneza ugonjwa wa nagana katika ng'ombe wetu, akawakondesha, akawatupisha mimba na kuwakausha maziwa. Mbung'o huyo alikomeshwa Unguja katika miaka ya 1994 hadi 1997. Habari hiyo inajulikana na wengi. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba ndani yake limo somo la hesabu za bahati, ambalo viongozi na wananchi wa visiwani hawana budi kulishika, maana linahusu kila vita tunavyopigana na adui anayetembea ovyo na kujificha.

MWENDO WA MLEVI

Somo lenyewe lina historia ya kale kidogo. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa kazini India, alimwona mdudu wa malaria ndani ya mwili wa mbu. Kuanzia hapo akashika vita vya kuwaangamiza mbu, na mwaka 1904, katika mkutano wa wataalamu huko St. Louis, Marekani, akauliza swali la kihesabu: tukikausha madimbwi yote katika eneo moja, mbu wa nje watalivamia eneo hilo kwa kasi gani? Mbu hana ramani wala nia ya safari. Leo huenda mashariki, kesho kusini, keshokutwa hurudi alikotoka.

Mwaka uliofuata, 1905, Karl Pearson wa London aliliandika swali hilo kwa umbo jepesi katika jarida la Nature. Mtu anatembea hatua kadhaa, anageuka upande wowote bila ya kuchagua, anatembea tena, anageuka tena. Baada ya hatua nyingi atakuwa umbali gani kutoka mahali alipoanzia? Jibu lilimfurahisha Pearson mwenyewe, akasema kwa mzaha kwamba mlevi anayepepesuka uwanjani ni bora atafutwe karibu na pale alipoanza safari yake. Tangu hapo wengine wakauita mwendo huo mwendo wa mlevi. Sisi tutauita mwendo wa kubahatisha.

Hesabu yake ni rahisi kuikumbuka. Anayekwenda kwa kubahatisha, akitembea hatua 100, kwa kawaida huwa umbali wa kama hatua 10 tu kutoka mwanzo. Akitembea hatua 10,000, huwa umbali wa kama hatua 100. Tuchukue mfano wa mbung'o anayehama mita 250 kwa siku bila ya mwelekeo. Baada ya siku 100 atakuwa amesogea kama kilomita mbili na nusu, si kilomita 25. Hapo ndipo tunapoona baraka ya kuwa kisiwa. Mkondo wa bahari unaotutenga na bara una upana wa kilomita 35 hivi. Mdudu wa mwendo kama huu havuki mkondo huo kwa mabawa yake; akivuka, aghlabu amebebwa.

Mwaka 1921 George Pólya aliongeza jambo jingine. Alithibitisha kwamba mwenye kutembea kwa kubahatisha juu ya uwanja tambarare, akiachiwa muda usio na kikomo, atarudi mahali alipoanzia kwa hakika. Akiwa huru pia kupanda na kushuka hewani, uwezekano wa kurudi hupungua hadi kama 34 katika 100. Kwa mdudu anayeruka karibu na ardhi maana yake ni nzito: atapita mahali pale pale mara nyingi, na iwapo mahali hapo pana mtego, ipo siku atanaswa.

MITEGO ILIYOTULIA

Basi swali la pili likafuata: tukitawanya mitego ovyo katika uwanja, na viumbe wakawa wanatembea ovyo ndani yake, ni wangapi watakuwa hai baada ya muda mrefu? Mtu angejibu haraka kwamba, kwa kuwa hatari ni moja kila siku, kundi litapungua kwa kiwango kile kile kila siku mpaka liishe. Jibu hilo ni kosa, na kosa hilo limezigharimu serikali nyingi duniani.

Katika miaka ya 1970 wanahisabati Monroe Donsker na Srinivasa Varadhan walionyesha ukweli ulivyo. Tuhesabu ni mara ngapi kundi limepunguzwa kwa nusu. Kama hatari ingekuwa ile ile kila hatua, basi safari ikirefushwa mara 100, idadi ya nusu hizo nayo ingeongezeka mara 100. Lakini mitego ikiwa imetulia mahali pamoja juu ya uwanja, safari ndefu ikirefushwa mara 100, idadi ya nusu hizo huongezeka mara 10 tu. Mauti hupunguza mwendo.

Sababu yake haina uchawi. Mitego iliyotawanywa ovyo haikai kwa vipimo sawa. Pengine imesongamana, pengine yamebaki mapengo mapana yasiyo na mtego hata mmoja. Viumbe waliokuwa karibu na mitego hufa mapema. Wanaobaki baada ya siku nyingi ni wale ambao kwa bahati walikuwamo ndani ya pengo na kwa bahati hawakutoka. Hawakuokolewa na werevu wala mbio. Waliokolewa na mahali.

Tuipime hoja hii kwa tarakimu. Tuseme tuna mbung'o 1,000,000 ambao uzazi wao unalingana na vifo vyao vya kawaida, nasi tukaweka mitego inayoua 4 zaidi katika kila 100 kwa siku. Kama mitego inawafikia wote, baada ya mwaka mmoja hatabaki hata mmoja. Sasa tuseme mmoja katika kila 100 anaishi ndani ya kichaka kisichofikiwa na mtego. Mwisho wa mwaka tutakuwa na mbung'o 10,000 wazima, na taarifa ofisini itasema kwamba adui amepungua kwa asilimia 99. Taarifa itakuwa ya kweli, na vita vitakuwa bado havijashindwa. Mkono ukilegea, wale 10,000 watajaza uwanja upya.

Ndivyo ilivyokuwa Unguja. Mbung'o wetu, anayejulikana kwa wataalamu kama Glossina austeni, ni mpenda vichaka vizito, na si mwepesi kuvutwa na mitego kama walivyo ndugu zake wa mbuga za bara. Kuanzia mwaka 1988 ng'ombe walipakwa dawa mgongoni, na vitambaa vilivyotiwa dawa vikasimamishwa katika baadhi ya misitu. Idadi ya mbung'o ilishuka sana. Hata hivyo hawakwisha. Jozani na vichaka vya uwanda wa mawe vilikuwa ndiyo mapengo yanayosemwa na hesabu.

MITEGO INAYOTEMBEA

Itakuwaje basi mitego nayo ikitembea? Hapa mazingira ya yule kiumbe hayatulii. Pengo la leo kesho lina mtego, na lenye mtego leo kesho ni pengo. Mtu angedhani mambo ni yale yale, kwa kuwa idadi ya mitego haikubadilika. Karne hii wataalamu wa fizikia na hisabati wameonyesha kwamba tofauti ni kubwa mno. Kwa kanuni waliyoipata, juu ya uwanja ule ule, safari ikirefushwa kutoka hatua 100 hadi hatua 10,000, idadi ya nusu haiongezeki mara 10 bali mara 50 hivi. Kimbilio halidumu, na asiye na kimbilio haishi muda mrefu.

Wakagundua jambo jingine la kushangaza: kati ya mitego inayotangatanga bila ya mwelekeo, kiumbe mwenye matumaini makubwa zaidi ni yule anayekaa kimya asiondoke alipo. Wameiita kanuni ya Pascal, kwa jina la mwanafalsafa Mfaransa aliyesifu kutulia nyumbani. Lakini mbung'o hawezi kutulia. Dume na jike wote chakula chao ni damu, na baada ya kila siku chache njaa humtoa kichakani. Hana hiari ya kuifuata kanuni hiyo.

Kisiwa cha kwanza kuonyesha nguvu ya mitego inayotembea hakikuwa chetu. Ni Príncipe, katika Ghuba ya Guinea, kilichokuwa chini ya Wareno. Huko mbung'o walieneza ugonjwa wa malale, na watu wakafa kwa wingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 vibarua wa mashamba ya kakao walivikwa mgongoni vitambaa vyeusi vilivyopakwa ulimbo, wakaingia kazini navyo. Mbung'o akimfuata mtu ili amnyonye, hunasa mgongoni kwake. Kibarua akawa mtego wenye miguu. Pamoja na kufyeka vichaka, kukausha mabwawa na kuua wanyama wa mwituni, kazi hiyo iliukomesha mdudu kufikia mwaka 1914. Tusisahau kwamba mateso ya kazi ile waliyabeba watu waliopelekwa kule kutoka makoloni mengine, wengi wao bila ya hiari ya kweli. Hesabu ilikuwa sawa, haki haikuwapo.

Ng'ombe wa Unguja aliyepakwa dawa alikuwa naye mtego wa namna hiyo, mtego wenye miguu minne. Upungufu wake ulikuwa mmoja: ng'ombe huenda anakopelekwa na mchungaji, na mchungaji hana sababu ya kumpeleka katikati ya Jozani. Palihitajika mtego ambao wenyewe utaingia kila kichaka, utajua pale alipojificha jike wa mwisho, na utamtafuta bila ya kuagizwa.

DUME TASA

Mtego huo ulikuwa mbung'o mwenyewe. Mwaka 1994 Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, zilianza kazi ya kuachia madume tasa. Katika kituo cha utafiti wa mbung'o huko Tanga wadudu walifugwa na kulishwa damu kupitia utando mwembamba. Madume wakapitishwa katika miali ya gama, wakabaki na nguvu ya kuruka na kupanda, lakini bila ya uwezo wa kuzalisha. Waliwekwa katika makasha ya karatasi, wakamwagwa kwa ndege ndogo mara mbili kila wiki, katika njia za angani zilizopishana kilomita moja au mbili.

Hesabu ya mbung'o ndiyo iliyoifanya kazi hiyo iwezekane. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake. Hatagi mayai kwa mamia kama nzi wa jalalani. Huzaa buu mmoja tu kwa wakati, kila baada ya siku 9 au 10. Jike aliyekutana na dume tasa amekwisha kunaswa. Ataendelea kuishi na kunyonya damu, lakini ukoo wake umekoma. Na dume tasa hutembea kama atembeavyo dume wa mwituni, hukaa akaapo mwenzake, huingia aingiapo. Kichaka kilichokuwa kimbilio kikawa mahali pa mtego.

Tangu Agosti 1994 hadi Desemba 1997 waliachiwa madume tasa zaidi ya milioni 8.5. Katikati ya mwaka 1995 kwa kila dume mmoja wa mwituni walikuwapo madume tasa zaidi ya 50, na mwisho wa mwaka huo walizidi 100. Tukichukulia kwamba wote wana nguvu sawa, jike mmoja tu katika 101 angempata dume mzima. Na hata kama dume tasa ana nusu tu ya nguvu za mwenzake, ni mmoja katika 51. Robo ya mwisho ya mwaka 1995 idadi ya mbung'o wa asili ilianza kuporomoka, na mwanzoni mwa mwaka 1996 ikaanguka kabisa. Dume wa mwisho wa asili alinaswa katika wiki ya 32 ya mwaka huo, na jike wa mwisho katika wiki ya 36, yaani mwanzoni mwa Septemba.

Tunaomba msomaji aitazame kwa makini tarehe hiyo. Mbung'o wa mwisho alionekana Septemba 1996, lakini kazi ya kuachia madume tasa iliendelea mpaka Desemba 1997, muda wa kutosha vizazi sita vya mbung'o. Fedha zilitumika na ndege zikaruka kumtafuta adui ambaye hakuna aliyekuwa akimwona. Asiyejua hesabu angesema huo ni ufujaji. Anayejua atasema ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote, kwa sababu kutonaswa si sawa na kutokuwapo. Mitego huonyesha waliopita karibu na mitego. Waliomo katika pengo hawaonekani mpaka wamekwisha kuzaana.

MAFUNZO KWA VISIWA

Kutokana na hayo tunaona mafunzo matatu ambayo wakuu wetu hawana budi kuyazingatia.

Kwanza, wastani ni mdanganyifu. Taarifa inayosema kwamba adui amepungua kwa asilimia 99 katika wilaya nzima haitoshi. Ofisa anayeipokea aulize: hiyo asilimia moja iliyobaki iko wapi? Iko katika shehia ipi, kichaka kipi, nyumba zipi zisizofikiwa na mpiga dawa? Hesabu inatufundisha kwamba mabaki hayajatawanyika sawasawa. Yamejikusanya pale ambapo mkono wetu haujafika, na pale ndipo kazi ya mwaka unaofuata ianzie, hata kama barabara ni mbaya na wakazi ni wachache.

Pili, mazingira yanayobadilika humfaa yule anayebadilika nayo. Mvua za masika huota vichaka vipya, kiangazi huvikausha. Mkaa hukatwa huku, miche hupandwa kule. Mtego uliowekwa mwaka jana mahali pazuri huenda mwaka huu umesimama jangwani. Idara inayotumia ramani ya zamani kwa sababu ndiyo iliyopo katika jalada inampa adui mapengo bila ya kumwuzia. Mitego na ihamishwe, wapimaji wazunguke, na safari zao zisifuate njia ile ile kila mwezi.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, vita vya namna hii havisimamishwi adui anapokuwa haba. Zanzibar inalijua hilo kwa uchungu. Kampeni ya kufuta malaria iliyoanza mwaka 1957 iliufikisha ugonjwa huo chini sana katika Unguja na Pemba. Mwaka 1968 ikasimamishwa kabla ya kumaliza, na malaria ikarudi kwa nguvu zake zote. Ilitupasa kuanza upya miongo kadhaa baadaye, kwa vyandarua, dawa mpya na upimaji. Gharama ya kumalizia kazi ile ilionekana kubwa wakati ule. Tuifananishe na gharama ya vitanda, makaburi na siku za kazi zilizopotea tangu hapo, tuone ipi ilikuwa kubwa.

Na kisiwa kilichokwisha kusafishwa nacho kina lango. Príncipe ilikaa zaidi ya miaka 40 bila ya mbung'o, watu wakasahau. Mwaka 1956 mbung'o akaonekana tena, ikabidi kampeni nyingine ifanywe kumwondoa. Sisi tuna bara karibu, na bara la karibu lina mbung'o wa aina ile ile tuliyemfukuza. Majahazi na meli hupita kila siku, mifugo hupakiwa na kupakuliwa. Tulikwisha kusema kwamba mdudu huyo havuki mkondo kwa mwendo wake wa kubahatisha. Lakini ng'ombe akishuka bandarini na mbung'o tumboni mwake kwa kumnyonya, mkondo umekwisha kuvukwa, na hakuna hesabu itakayomrudisha.

Kwa hiyo ukaguzi wa mifugo bandarini usionekane kuwa usumbufu kwa mfanyabiashara, wala mitego michache inayowekwa Jozani kwa uchunguzi isionekane kuwa kazi ya bure kwa kuwa haimkamati mtu wala mdudu. Mtego mtupu ndio malipo ya kazi yake. Mwananchi anayemwona nzi asiyemjua mgongoni kwa ng'ombe wake amwambie sheha wake, na sheha asingoje kikao cha mwezi. Mfugaji wa Unguja aliyeweza kuweka ng'ombe wa maziwa mahali ambapo baba yake hakuthubutu, amepata haki hiyo kwa jasho la watu wengi na kwa hesabu iliyofanywa sawasawa hadi tarakimu ya mwisho.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanahisabati wametuonyesha ufa wenyewe uko wapi: ni pale tusipotazama. Kazi iliyobaki ni kupatazama, mwaka baada ya mwaka, hata pale ambapo kwa miaka mingi hakujaonekana kitu.